Ndoo ya Mama

Enzi zetu pale Landless, Thika, Jumamosi haikuwa siku ya kulala hadi saa nne. Kabla umande haujakauka, mama alikuwa ameshatutoa kitandani mimi na ndugu yangu Kamau, mmoja na mtungi, mwingine na sabuni ya kipande, twende kwa Shosho Nyambura. Tulimwita Shosho, yaani bibi, ingawa hakuwa wa ukoo wetu. Alikuwa mjane asiyeona, aliyeishi peke yake chumba cha mwisho kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, na kwa mama hiyo ilitosha.

Blanketi zake hazikufuliwa kwa mikono. Zilitiwa kwenye karai, nasi tukaingia na miguu mitupu, tukazikanyaga huku tukiimba nyimbo za kanisani hadi povu linafika magotini. Maji yalikuwa baridi ya kuuma. Wenzetu walikuwa hapo nje wakicheza mchezo wa kati kwa mpira wa makaratasi, na tuliwaonea wivu kwelikweli. Tukimaliza, Shosho alitaka kutupikia chai, na ile harufu ya majani ya chai na moshi wa kuni naisikia hadi leo. Mama hakuruhusu. "Tokeni kabla hajamaliza kushukuru," alikuwa akisema, nasi tulitoka mbio tumbo likinguruma. Nyumbani tulikuta githeri ya jana, mahindi na maharagwe, na ilikuwa tamu kuliko nyama.

Siku moja Kamau aliuliza kama kazi hii ndiyo ingetupeleka mbinguni. Mama alicheka. Kabla hajaokoka alikuwa akipika chang'aa, na ploti nzima ilijua. "Mungu alinichukua nikiwa bado nanuka pombe," alisema. "Hakungoja hata nioge. Sasa mtu aliyependwa hivyo atakaa amekunja mikono?"

Sasa niseme kinachonikera. Siku hizi naishi Gatongora, kule Ruiru, na kanisani kwetu tuna kikundi cha huduma. Tisheti tunazo, za njano, zimeandikwa mgongoni. Jumamosi iliyopita tulikuwa na zamu ya kutembelea wazee, na mimi ndiye niliyempendekeza mama yangu, ambaye bado yuko Landless na magoti hayamruhusu kwenda mbali. Vijana wetu, watoto ambao blanketi kwao hufuliwa na mashine, waliingia na simu mbili na taa ya kupigia picha, mchana kweupe.

"Shosho, shika unga hivi. Inua kidogo. Hiyo ime-blur, turudie."

Mama aliinua ile pakiti ya kilo mbili mara tatu. Hakuna aliyemuuliza amekula nini. Sufuria chafu zilikuwa pale miguuni pao, nao wakazisogeza zisionekane kwenye picha. Dakika kumi hazikuisha wakawa wameondoka. Nilikasirika sana. Nilibaki nyuma, nikaketi kwenye kitanda cha mama, nikaanza kuandikia kikundi ujumbe mrefu wenye mistari ya Biblia, wajue kwamba neema haikuletwa tuipigie picha. Nilifuta, nikaandika tena kwa ukali zaidi.

"Wachana na watoto," mama alisema. "Angalau wamekuja."

Nilifunua ndoo yake nichote maji ya kunywa, kikombe kikakwaruza chini.

"Yaliisha Jumatano," mama alisema. "Sikutaka kusumbua majirani."

Kila mwezi mimi huja na mkate na sukari, nakaa, napiga stori, naondoka. Sijawahi kuifunua ile ndoo. Na hata mimi nilikuwa nimevaa tisheti ya njano. Mama hakunigombeza. Heri angenigombeza, maana hasira yote ile sikujua tena niipeleke kwa nani.

Nilifuta ujumbe, nikajifunga leso, nikabeba mtungi hadi mferejini, kwenye bomba la maji la mtaa. Enzi zetu mfereji ule ulijaa watoto waliotumwa kuwatekea maji wazee wasio wao. Jumamosi hiyo nilisimama pale peke yangu, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, nikimtekea mama yangu mzazi, tena nikiwa nimechelewa siku tatu.