Kabati Lililohamiwa na Nyuki

Mbao zile nilizinunua Lubondja kwa ajili ya kabati la mke wangu. Tangu tuoane alikuwa akikunja nguo zake sandukuni, nami nilikuwa mwepesi wa kuahidi. Lakini kabla sijashika msumeno, nikaenda Baraka kwenye semina ya ufugaji wa nyuki. Tulifundishwa mzinga wa asili: sanduku la mbao, vijiti juu yake, nyuki wajijengee masega wapendavyo, na mtu asiwasumbue. Kazi ya kutosumbua niliona nimezaliwa nayo.

Niliporudi Fizi nikaunda mizinga miwili kwa mbao zile zile. Mke wangu alikuja kuitazama.

"Baba ya batoto, hii kabati iko na tundu."

"Haiko kabati. Ni muzinga."

"Naona," akasema, akarudi kutwanga majani yake ya muhogo, sombe ya jioni.

Niliipaka nta ndani, harufu iwavute nyuki, nikaitundika kwenye mparachichi nyuma ya nyumba. Msimu mzima nilisimama chini yake, shingo juu. Majirani walinisalimia kwa ile sauti ya upole wanayomwekea mgonjwa. Nyuki walipita juu wakienda zao. Walioingia ni siafu.

Mwishowe niliibomoa, nikaunda kabati. Rangi sikuwa nayo, nikaling'arisha kwa nta iliyobaki. Mlango uligoma kufunga vizuri, nikaliacha barazani nije kuurekebisha. Jumapili tuliporudi kutoka misani, kabati lilikuwa linavuma. Kundi zima la nyuki lilikuwa likiingia kupitia upenyo wa ule mlango.

Nilikimbilia moshi niwahamishe. Mke wangu akanishika mkono.

"Acha! Habakukuya kwako. Bamekuya mu kabati yangu."

Tangu siku hiyo tulipitia mlango wa jikoni. Masega yalipojaa, alijifunga kitenge hadi machoni, akafukiza majani makavu, akavuna polepole bila hata nyuki mmoja kumgusa. Mimi, niliyesomea, nilichungulia dirishani kumwelekeza. Mmoja akanichoma mdomoni, maelekezo yakaishia hapo.

Sasa bamama wanatoka hata Kilembwe kuja kumuuliza habari za ufugaji.

"Mama wa nyuki iko?"

"Iko," najibu, naenda kumwita, kisha naleta viti.

Juzi mmoja alimuuliza kama na mimi najua kazi hii. Mke wangu alifikiri kidogo, akanitazama kwa huruma.

"Alisomaka," akasema.