Nilimwandika Senje Nyuma ya Pikipiki

Kosa ni langu. Sikuwa nimelewa, na shetani hakunituma. Nilikaa nikafikiri, nikachagua maneno mwenyewe, kisha nikataka yaandikwe kwa rangi ya manjano ili yasomeke hata kwenye mvua. Mjinga mimi!

Jina langu sitoi. Ni kijana wa bodaboda upande wa Shianda, na shule niliachia darasa la nane. Naandika polepole, mnivumilie. Kuongea ndiko kunakonishinda zaidi. Abiria akinisalimia, natikisa kichwa. Watu husema mimi ni mpole. Uongo mtupu! Mimi ni mwoga, na huo upole ni shuka safi tu niliyojifunika.

Aliyenilea ni Senje, yaani shangazi yangu, dada ya baba. Wazazi wangu walipofariki nilikuwa bado nabebwa mgongoni, naye ndiye aliyenibeba. Nilipewa jina la baba yake, kwa hivyo tangu nizaliwe hajawahi kuniita jina lingine isipokuwa Papa. Pikipiki ninayoringa nayo ilitoka kwa mtamba wake aliyemuuza. Hakuniuliza nitamrudishia nini. Alisema tu, "Sasa nitakuwa nafika kanisani bila matope."

Lakini Senje anaongea! Mungu wangu, yule mama anaongea! Akikaa nyuma anaanza na maharagwe yake, anaingia kwa jirani aliyeachwa na mke, anaomba kidogo, kisha anarudi kwangu. "Papa, hapo kuna shimo. Papa, pole pole, hiyo ng'ombe haijui barabara." Kana kwamba mimi sina macho!

Mbaya zaidi ilikuwa steji, pale tunapongojea abiria. Akishuka tu, anaanza mbele ya watu wote: "Papa, umekula? Mbona shati moja na hii baridi?" Vijana walikuwa wanaanguka kwa kicheko. Mimi nilikuwa natazama tairi.

Sikuwahi kujiuliza ni nani aliyekuwa ananiletea abiria. Ni yeye! Ndiye aliyekuwa akiwaambia akina mama sokoni, "Mpandeni huyu, hana maneno lakini anajua barabara." Mimi mwenyewe sijawahi kumwita abiria hata mmoja.

Basi mvua za mwaka huu zikakaza, na kiwanda cha sukari kikafungwa kwa matengenezo. Hapo kwetu kiwanda kikilala, kila mtu analala. Mkata miwa hana kazi, kwa hivyo anatembea kwa miguu. Barabara zikageuka uji. Steji yetu tuko kumi na mmoja, na akili zetu zote ukizikusanya hazijazi kijiko. Mwenye shamba angeenda kupalilia, asiye nalo angeenda kusaidia nyumbani. Sisi tukaamua kupamba pikipiki.

Tulipamba kweli! Mmoja aliweka vioo sita, ingawa nyuma yake hakuna kitu cha kuangalia. Mwingine alifunga redio kubwa mpaka betri ikawa inazima kila akipiga honi. Mimi nilishonesha kiti upya, chekundu, chenye nyuzi za kuning'inia pembeni. Nikaweka taa za kijani na buluu chini ya tangi, na stika za simba kila mahali. Pikipiki ikawa kama bibi harusi aliyeazima nguo kwa watu watatu. Tairi lenyewe lilikuwa limeisha meno. Hilo sikubadilisha, maana tairi haling'ai.

Ikabaki ule mpira mweusi unaoning'inia nyuma ya gurudumu kuzuia matope. Huo kila mtu huandikisha neno lake. Aliyekuwa akituandikia alikuja na brashi na mikebe, tukamzunguka.

Kevo, ambaye ndiye mwenye mdomo pale steji, akanigeukia. "Na wewe bubu, utaandika nini? Andika 'Papa, umekula?'"

Walicheka! Nikahisi masikio yanawaka. Nikachukua penseli ya yule mwandishi, nikaandika polepole kwenye kipande cha katoni, huku wote wakingoja.

MZIGO UNAOONGEA.

Chini yake nikachora mshale unaoelekeza juu, kwenye kiti.

Kevo alikaa chini kwenye matope kwa kucheka. "Bubu ameongea! Jamani, bubu ameongea!" Wakanipiga mabega, wakanipa nafasi ya kwanza kwenye foleni siku hiyo. Niseme ukweli, nilijisikia mtu. Kwa mara ya kwanza maneno yangu yalikuwa yamechekesha watu. Nilinunua heshima ya wapumbavu kumi kwa mgongo wa mtu mmoja aliyenilea!

Mnajua jinsi pikipiki ilivyo. Anayekaa nyuma haoni kilichoandikwa nyuma. Hata angeona, Senje hajui kusoma. Hilo nililijua vizuri, wala sitajidanganya kwamba nilisahau.

Kwa wiki mbili nilimpeleka kanisani na sokoni, mshale ukimwelekea. Watu waliokuwa nyuma yetu walicheka na kupiga honi. Yeye aligeuka akawapungia mkono. "Papa," aliniambia siku moja, "siku hizi watu wa huku wamechangamka kweli. Kila mtu ananisalimia!"

Nami nilitabasamu ndani ya kofia ya pikipiki. Lo! Nilitabasamu.

Siku ya soko, Mama Agneta wa kanisa lao alikuwa kwenye boda nyingine nyuma yetu. Tuliposimama akashuka huku anacheka, akidhani ni utani ambao Senje mwenyewe ameukubali. "Kumbe siku hizi wewe ni mzigo unaoongea! Hata mshale umewekewa!"

Senje akauliza, "Mshale gani?"

Akashuka. Akazunguka hadi nyuma, akainama na kikapu chake mkononi. Akapitisha kidole kwenye herufi za manjano moja moja, matope yakimpaka. "Papa, hapa panasema nini?"

Nilianza kufuta taa kwa mkono wa shati.

"Nisomee, Papa."

Nilitazama tairi! Mama Agneta alikuwa ameshaelewa, na kicheko kilikuwa kimemkauka mdomoni. Ndiye aliyemsomea, kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma jina la marehemu.

Senje alifuta kidole kwenye leso yake. "Si uongo," akasema. "Mimi naongeanga."

Kisha akapanda. Kutoka hapo hadi nyumbani hakusema neno. Shimo likaja, tukaingia shimoni. Ng'ombe akaja, nikamkwepa peke yangu. Na mnajua nilihisi nini? Nafuu! Nilisema moyoni, heri, leo nimepumzika. Nilipofika niliung'oa ule mpira, nikautupa chooni. Nikadhani maneno yamezama nao.

Sikuomba msamaha. Kila asubuhi nilisema nitasema jioni, na kila jioni nilikuta amelala, au nilijifanya nimekuta amelala.

Sasa sikilizeni nilichovuna. Kulikuwa na msichana wa Khwisero niliyetaka kumuoa. Nitamwita Doreen, ingawa si jina lake. Tulikuwa tumekubaliana mwaka mzima, na kwao walikuwa wametupa Jumamosi ya kwenda kujitambulisha. Mwenye kazi ya kusema siku hiyo ni Senje. Kwetu kijana hajisemei, husemewa, na mimi hata ningeruhusiwa nisingeweza. Baba mdogo wangu alikuwa wa kuhesabika tu, maana masikio yake yameziba. Kila kitu kilikuwa kwenye mdomo wa Senje.

Alikuja. Alivaa gauni lake la kitenge, akanirekebisha kola bila neno. Nikajipa moyo. Kama amekuja, nikawaza, ameshasamehe.

Tulikaribishwa vizuri, obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, tukanawa mikono. Kisha mjomba wa Doreen akaanza kama inavyofanywa, akijifanya hajui lolote. "Wageni, mvua ni kubwa na njia ni mbaya. Mmepotea, ama kuna kitu mlikuwa mnatafuta?"

Hapo ndipo Senje angeanza. Huwa anaanza na utani, anaingia kwa ng'ombe, anafika kwa ua tulilokuja kulichuma, na watu wanacheka hadi wanakubali bila kujijua. Sote tukamtazama.

Akaweka mikono mapajani. "Mimi nimebebwa tu," akasema taratibu, bila hasira. "Mzigo hauulizwi njia. Muulizeni aliyenibeba."

Mvua tu ndiyo ilisikika juu ya mabati. Baba mdogo akauliza kwa sauti kubwa, "Wamesema nini?"

Mjomba akanigeukia. "Haya, kijana. Umekuja kutafuta nini?"

Nilifungua mdomo. Ulimi ulikuwa kama kipande cha gunia. Nikamwangalia Doreen aliyekuwa amesimama mlango wa jikoni, na macho yake yalikuwa yananisukuma, sema, sema tu! Nikasema:

"Nimekuja na pikipiki."

Walicheka, hata mtu mwenye huruma angecheka. Mjomba akajifuta machozi. "Pikipiki tumeiona. Ina taa nyingi kuliko kanisa siku ya Krismasi. Tunauliza wewe."

Mama yake Doreen hakucheka. Alisema, "Huyu hawezi kusema anamtaka mtoto wangu, na mtoto wangu yuko hapo mlangoni. Siku mtoto wangu akiugua usiku, huyu ataita nani?" Tukaambiwa turudi siku tukiwa na mtu wa kutusemea. Mnajua maana yake: tulikataliwa kwa adabu.

Doreen alinipigia simu baada ya siku mbili. Hakuwa ameniacha bado. Alitaka tu kujua kwa nini shangazi yangu alikataa kusema. Nikamwambia ukweli wote. Hilo tu ndilo jambo la kiume nililofanya katika habari hii.

Doreen akasema, "Na mimi nikishakaa hapo nyuma, utaniandika nini?"

Akakata. Nikipiga hapokei, na simlaumu. Ningekuwa ndugu yake ningemshauri vivyo hivyo.

Senje hajanifukuza. Ndiyo adhabu! Ananipikia, anafua, anajibu nikimuuliza. Lakini jina Papa limetoka kinywani mwake. Ananiita kwa jina langu la shule, kama mwalimu anayesoma rejista. Kanisani anaenda kwa miguu na goti lake bovu, na akina mama wanaoniona nimesimama na kiti changu chekundu wananipita kama nguzo ya stima. Kevo na wenzake? Sasa wamehamia kumcheka mwingine. Hao ndio niliowatafutia kicheko! Nyuzi zangu zimeota ukungu, na taa za kijani zimekufa zote isipokuwa moja.

Kijana mwenzangu unayepamba mashine huku roho imechakaa, nisikilize. Paka rangi utakavyo, weka simba, weka vioo, lakini usitafute ukubwa kwa kumdharau mtu aliyekubeba. Wanaokuchekea leo hawatakusemea kesho mahali popote.

Na wewe mwenye haya kama mimi, acha kujisifu. Haya si adabu ikiwa inakufunga kuomba msamaha na haikufungi kutukana. Nimechukua siku nne kuandika ukurasa huu, na nimegundua nimefanya ujinga wa pili: Senje hawezi kuusoma. Nimewaambia ninyi nyote, na yeye sijamwambia.

Kwa hivyo ukimaliza kusoma, usinihurumie. Ukiwa na mtu kama Senje nyumbani, nenda usimame mbele yake, si nyuma, useme. Ukitetemeka, tetemeka. Mimi nitamngoja Jumapili pale njia panda akitoka kanisani. Pikipiki nitaiacha nyumbani. Ni mwendo wa karibu saa nzima hadi mlangoni kwetu, na safari hii anayepaswa kuongea njia yote ni mimi.