Siku Wachumaji Walipokuja Wote

Haya yangu yanajulikana Mtambwe nzima, na mke wangu ameyahadithia mbele ya kila mgeni aliyewahi kula kwetu, kwa hiyo sina ninachokificha. Ila leo nayasimulia mwenyewe, maana nikimwachia yeye hunifanya mjinga kuliko nilivyokuwa, na ujinga niliokuwa nao unatosha.

Mimi ni mtu wa Unguja, mzaliwa wa mjini, na miaka michache kabla ya vita vya pili vya Wazungu nilimwoa Asha binti Seif nikahamia kwao Mtambwe, Pemba, kwa sababu baba yake alikuwa na shamba la mikarafuu na hakujaaliwa mtoto wa kiume. Mwaka huo mikarafuu ilizaa mpaka matawi yakainama, na mkwe wangu, Mzee Seif, alikuwa ameanguka akavunjika mguu, hatoki barazani. Akaniita, akaniambia nikamtafutie wachumaji, watu thelathini hivi watatosha shamba lile, lakini wasipungue, maana karafuu haingoji, ikishachanua imeharibika. Ilikuwa kazi ya kwanza kunipa tangu niingie nyumbani kwake (mpaka siku hiyo alikuwa akiniita bwana harusi, na harusi ilikwisha zamani), nami nikajiambia kazi hii sitaikosea.

Nikaenda Kojani kwanza, nikavushwa kwa mtumbwi, nikakaribishwa vizuri na mama mmoja mtu mzima, Bi Mize, ambaye ndiye aliyekuwa akiwaongoza wachumaji wa huko kila msimu. Nikamweleza haja yangu, nikamwambia Ijumaa baada ya sala. Akanisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Inshallah."

Sasa nyinyi mnajua. Kwetu mjini, ukimwomba mtu jambo akakujibu inshallah peke yake, halafu akanyamaza, basi amekukatalia kwa adabu, nenda zako. Nikamshukuru, nikarudi nimevunjika moyo, nikijisemea watu wa Kojani hawaji. Ndipo nikaamua jambo dogo tu, kwamba sitamsumbua mkwe wangu na mguu wake kwa kumwambia nimekataliwa, nitakwenda pengine kimyakimya. Nikaenda Micheweni. Nako wakaniambia inshallah. Nikateremka mpaka Chokocho, kusini kabisa, miguu imevimba, nikawasihi, nikawaahidi wali kila siku (wali ambao si wangu), na mzee wao akaniangalia kwa huruma akasema inshallah. Nikarudi nyumbani, Mzee Seif akauliza vipi, nami nikamjibu kwamba mambo yanakwenda.

Ijumaa ikafika. Baada ya sala majirani walikuja kumtazama mgonjwa, baraza ikajaa watu wazima wa heshima na kanzu zao, kahawa inazunguka, nami nimekaa pembeni nikiomba walau watu kumi watokee. Nikasikia sauti za watu njiani, nikachungulia, wa Kojani hao, wake kwa waume, na mapakacha na sufuria zao kichwani. Nikafurahi sana. Nikainuka taratibu nikaenda kuwaamkia, na kabla sijamaliza nikaona kundi jingine linatokea njia ya kaskazini, wa Micheweni, wengi zaidi. Furaha ikaniganda. Badala ya kurudi barazani na kusema ukweli wakati bado ni aibu ndogo, nikawapeleka wa Kojani nyuma ya nyumba wapumzike, nikawapeleka wa Micheweni kwenye minazi, na wa Chokocho walipofika nikawaambia wangoje bondeni, huku nikikimbia huku na huku jasho linanitoka, nikipita mbele ya baraza kila mara kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.

Nilichosahau ni kwamba watu waliotembea juani wana kiu, na kisima chetu ni kimoja. Wakakutana hapo. Wengine walikuwa ni ndugu, hawajaonana tangu msimu uliopita, wakakumbatiana, wakaulizana nani kawaita, na wote wakasema ni yule Muunguja. Basi wakaja pamoja, uwanja ukajaa mpaka kuku wakapanda juu ya banda, na wazee wa barazani wakashusha vikombe wakatazama.

"Hawa ni wageni wa nani?" Mzee Seif akauliza.

"Wangu, baba," nikasema.

Nikaeleza yote pale pale, mbele ya wazee wale, pamoja na ile inshallah na jinsi nilivyoifasiri. Hakuna aliyecheka. Bi Mize alishusha pakacha lake chini, akanisogelea, akanishika mkono kama anayemshika mtoto aliyeota ndoto mbaya.

"Mwanangu," akasema, "siye tukisema inshallah, tunakuja."

Mkwe wangu akainamisha uso kuficha kicheko, mabega yanatikisika, kisha akawageukia majirani akawauliza nani bado hajapata watu. Kumbe nusu yao hawajapata, na hilo ndilo walilokuja kuzungumza. Kabla ya alasiri wa Micheweni walikuwa wameshachukuliwa na jirani wa juu, wa Chokocho na jirani wa pili, na wa Kojani wakabaki kwetu. Lakini kwanza wote walikula. Asha alikuwa ameshafungua ghala, anamenya muhogo na wanawake wa Kojani, anaupika kwa samaki wakavu waliokuja nao wenyewe, wala hakuuliza neno. Mzee Seif akaniita nikae karibu na mguu wake, akanipa kahawa kwa mkono wake, akaniita Salim, jina langu.

Jioni, mimi na Asha tukiosha masinia, nikamwambia kwamba nimemwaibisha.

"Unajua baba aliponiuliza kama nakutaka, nilijibu nini?" akasema, hakuinua macho.

Nikamwambia sijui, niliambiwa tu kwamba amekubali.

"Nilisema inshallah."

Nikaendelea kusugua sinia ambalo lilikuwa safi zamani. Wallahi tangu siku ile sijamfasiria mtu neno lake. Nisipoelewa, nauliza.