Reli Zilizo Chini ya Soko Letu

Baba yangu alisukuma vitoroli chini ya ardhi kabla mimi sijazaliwa. Mgodi ule wa wakati wa mkoloni ulifungwa yeye akiwa kijana. Wenye mgodi wakaondoka, wakaacha midomo ya mahandaki imezibwa kwa magogo na zege. Juu yake mji wetu ukaota, huku upande wa Geita: soko, kanisa, msikiti, kijiwe cha bodaboda, na shule ninakofundisha jiografia. Wengi wanaoishi hapa wametoka Kahama, Kigoma, Singida, walikuja kufuata dhahabu. Hawakujua kwamba chini ya miguu yao kuna reli.

Baba alijua. Nilipokuwa mdogo, tukifika sokoni alikuwa anasimama karibu na wauza dagaa na kupiga ardhi kwa kisigino. "Hapa njia inakata kulia," ananiambia, na mama anamvuta mkono kwa aibu.

Njia moja hakuwahi kunionyesha. Nilisikia habari zake nikiwa mtu mzima, siku tuliyomzika mama, tulipobaki wawili uani. Alisema njia hiyo iliporomoka ikiwa na wenzake watatu ndani. Yeye alikuwa ametoka kufuata matimba, yale magogo ya kuegemeza paa, na ndiyo maana alipona. Wakubwa walisubiri siku mbili, kisha wakaamuru ifungwe na kazi iendelee upande mwingine.

"Na mwamba wake ndio ulikuwa mzuri kuliko wote," akasema. "Kwa hiyo sisemi. Watu wakijua, watawachimbua wale."

Nilimwambia mtu mmoja tu, rafiki yangu, mwanamke mwenzangu. Tulikaa dawati moja tangu darasa la tatu, yeye ndiye aliyesimama na mimi siku ya harusi yangu, na baba yangu yeye naye alikuwa akimwita baba. Nilimwambia kama unavyomwambia mtu habari za msiba, sio kama siri ya mali. Hata sikumwambia asiseme. Sikuona haja.

Miaka ikapita. Yeye akawa mpimaji kwenye mradi wa maji, mimi nikaendelea na chaki. Kiangazi kimoja visima vilikauka vyote, tukawa tunagombania maji ya lambo pamoja na ng'ombe. Ukaitishwa mkutano wa mji kuzungumza juu ya yale mahandaki: yamekaa bure, yafanywe nini? Wafanyabiashara wa mpunga walitaka yawe ghala, kwa kuwa kuna ubaridi. Mwalimu mwenzangu alitaka watalii. Mama mmoja akasimama akasema angelima uyoga humo, watu wakacheka mpaka akaketi. Kisha rafiki yangu akasimama. Alisema mahandaki yamejaa maji, chupa ya sampuli imeshapimwa na majibu ni mazuri, yanahitaji kuchujwa tu. Kinachokosekana ni ramani. Halafu akanitazama.

Baba alikataa kuichora. Alikataa wiki ya kwanza, akakataa ya pili. Mimi ndiye niliyemwendea kila jioni.

"Baba, ni maji. Wanafunzi wangu wanasinzia darasani kwa sababu wanaamka saa tisa kwenda lamboni."

"Na wale watatu?"

Nikamleta rafiki yangu nyumbani. Alipiga goti, akasema, "Shikamoo baba," akabaki vilevile chini huku akiongea. "Njia ile hatutaigusa. Wewe tuonyeshe ilipo ili tujue pa kutofika. Nakuapia kwa mama yangu aliyelala kaburini."

Baba alimwekea mkono kichwani. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Inuka."

Nilitandaza karatasi za manila sebuleni, nne nimeziunganisha kwa gundi, na baba akachora. Alikuwa anafumba macho, anahesabu hatua kwa Kisukuma, kisha anafumbua na kuvuta mstari. Ilimchukua siku tatu. Baadaye tulizunguka mjini, yeye mbele na fimbo yake, rafiki yangu nyuma akipigilia vigingi: nyuma ya kanisa, katikati ya soko, kando ya uwanja wa shule yangu. Kwenye ile njia baba aliweka alama ya msalaba, ingawa yeye si mtu wa kanisani. Mimi nikasaini karatasi chini kama shahidi. Nilijisikia mtu wa maana. Nakumbuka hata nilifundisha kipindi kizima kwa kutumia nakala ya ramani ile, nikawaambia wanafunzi kwamba mji wao utakunywa kutokana na kazi ya mababu.

Mashine zilikuja baada ya masika. Wakajenga uzio wa mabati kuzunguka mdomo wa zamani wa handaki, na pampu zikaanza kunguruma. Asubuhi ya tatu nilisikia vigelegele barabarani. Nilitoka na khanga yangu kiunoni. Maji yalikuwa yanashuka kwenye mtaro kutoka kwenye uzio, mengi, baridi, yanaruka mawe. Wanawake walikuwa wanakinga kwa ndoo, kwa sufuria, kwa mabeseni. "Wabeja! Wabeja!" bibi mmoja alishukuru akiwa ameinua mikono, na mimi nikakimbia kumwita baba aje aone.

Alikuja polepole. Alisimama juu ya mtaro, akayatazama yale maji yanavyokwenda, yakipita watu, yakipita mji, yakiishia bondeni kwenye majaruba yasiyo na mtu.

"Bomba liko wapi?" akaniuliza.

"Lipi, baba?"

"La kupeleka maji kwenye tangi. Na tangi liko wapi?"

Niligeuka nikatazama juu, kwenye uzio.

"Hawatoi maji wawape watu," akasema. "Wanakausha."

Akageuka akarudi nyumbani. Wanawake waliendelea kukinga. Nilibaki pale na ndoo yangu tupu, najiambia kwamba mzee haelewi mambo ya kisasa.

Nilimfuata rafiki yangu kwenye uzio siku hiyohiyo. Alitoka na kofia ngumu kichwani, akanipeleka pembeni. Hakukana. Alisema mradi wa maji upo palepale, ila utakuja awamu ya pili. Kwanza kuna kikundi kimepata leseni ya kuchimba kilichobaki, na mume wake yumo, na yeye mwenyewe yumo.

"Na ule msalaba?" nikamuuliza.

Alitazama chini. "Mwalimu, wewe mwenyewe uliniambia mwamba uko wapi. Siku ile ya msiba wa mama."

"Nilikuwa naomboleza!"

"Najua," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, ile ile ya miaka yote. "Lakini ulisema."

Walipofungua njia ile waliikuta mifupa. Waliiweka kwenye kiroba wakaiacha kwenye ofisi ya mtaa, na mtendaji akatuma mtu kuuliza kama kuna ndugu. Ndugu walikuwa hawajulikani walipo. Baba akavaa koti lake, akaenda, akasaini yeye. Tuliwazika nyuma ya nyumba yetu, kaburi moja, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema mfupa upi ni wa nani. Baba aliwataja mmoja mmoja kwa sauti, jina la kila mmoja na kijiji chake. Nilikuwa sijawahi kuyasikia majina hayo. Rafiki yangu alileta sanda mlangoni. Baba aliipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akafunga mlango.

Leo chini ya soko kunachimbwa mchana kutwa. Wauza dagaa wanasema meza zao zinatetemeka. Ramani ya baba iko ukutani kwenye ofisi ndani ya uzio. Niliiona kupitia dirisha, manila zangu nne, gundi yangu. Maji bado tunafuata lamboni. Rafiki yangu tunapokutana njiani tunasalimiana, kwa kuwa mji ni mdogo, na kila mmoja anaharakisha.

Baba amehamia kwa dada yangu, upande wa Kahama. Hakuwahi kunigombeza. Likizo iliyopita nilikwenda kumwona. Tulikula ugali na mlenda, tukacheka juu ya mbuzi wa dada anayeingia jikoni. Nikaona moyo wake umetulia, nikamuuliza, ili tuongee tu, kama zamani, vile vitoroli vilikuwa vinasimamishwaje kwenye mteremko.

Alinawa mikono taratibu, akaifuta.

"Hilo swali," akasema, "ni la kwako, au kuna mtu amekutuma?"