Siku Kocha wa Amerika Alipokuja Kumwangalia Dido

Sisi tuliokulia Greyville, mtaa wa Durban, kabla simu hazijaanza kupiga picha tulikuwa na mchezo wetu ambao majirani hawakuuelewa. Wenzetu walicheza mpira wa miguu, watoto wa Kihindi wa ghorofa ya chini ya jengo letu walicheza kriketi, na sisi tulicheza besiboli kwa mpini wa ufagio na mpira wa tenisi uliokwisha manyoya. Mwalimu wetu wa michezo, mama wa Kizulu mwenye sauti ya kusimamisha teksi, ndiye aliyetuletea glavu za kwanza. Zilikuwa sita, zinanuka jasho la watu tusiowajua, na moja ilikuwa ya mtu wa shoto wakati kwetu hakukuwa na shoto hata mmoja. Tuliivaa hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Mama yangu, aliyekuja na vitenge vyake kutoka Dar nami nikiwa mgongoni, hakuipenda kazi hiyo. "Salumu, watoto wa wenzio wanakimbia, wewe umechuchumaa kama unafua," alikuwa akisema. Aliyenirushia mipira ni Dieudonné, mtoto wa Kikongo wa ghorofa ya tatu, tuliyezoea kumwita Dido. Alirusha mpaka kiganja changu kikaumuka kama andazi. Baada ya mazoezi tulinunua bani moja, ule mkate uliochimbwa katikati ukajazwa mchuzi wa maharage, tukaula wawili kwa vidole, pilipili ikitutoa kamasi. Sijawahi tena kula chakula kikanikolea vile.

Tulipofika miaka kumi na saba, mwalimu alituambia kuna kocha wa chuo kikuu cha Amerika anapita Durban kutafuta vijana. Akatueleza utaratibu wa kule: chuo kinakusomesha bure, wewe unakichezea, na timu za kulipwa zinakuja huko huko chuoni kuchagua. Sisi tulisikia hilo la mwisho tu. Dido alianza kujizoeza kuandika sahihi yake kwenye madaftari.

Kocha alikuwa anakuja kumwangalia Dido. Jina langu halikuwamo popote. Wiki moja kabla, kiwiko cha Dido kikaanza kuuma. Aliniambia mimi peke yangu, kwenye ngazi za jengo letu.

"Usiseme kwa mtu, Salumu. Akisikia niko mgonjwa, ataenda zake."

"Na kikizidi?"

"Hakitazidi. Niapie kwanza."

Nikaapa.

Siku ile, kwenye uwanja wa shule moja kule Glenwood, mipira ya Dido ilikwenda ovyo. Mmoja ulipiga chini, mwingine ukapaa juu ya kichwa cha mpigaji. Nilijirusha kushoto na kulia, nikaizuia kwa kifua, kwa goti, kwa koo. Nilidhani nikiidaka yote, hakuna atakayeona ilivyopotea. Kumbe kocha alikuwa ananitazama mimi. Tulipomaliza alinijia nikivua barakoa yangu ya chuma, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mwenzangu anaumwa mkono. Dido alikuwa nyuma yake, amenikazia macho.

"Hapana," nikasema. "Yuko sawa."

Barua ilikuja kwa jina langu. Mama alimuuliza mwalimu swali moja tu: "Huyo mzungu anampa mwanangu shule, au anampa mchezo?" Mwalimu akajibu kwamba shule ni ya uhakika, mchezo ni bahati. "Basi aende kwa hiyo shule," mama akasema. Dido alinisindikiza hadi uwanja wa ndege, akanibebea begi kwa mkono wa kushoto, akaniambia kwa Kiswahili cha kwao Kongo: "Eish, Salumu, usidake vibaya kule. Batu batasema sisi wote wa Durban hatujui." Alicheka kupita kiasi.

Mwaka wa tatu chuoni, tukiwa mezani, kocha alimkumbuka Dido. Akasema laiti angejua kijana yule aliumia tu, angemsubiri apone. Mkono kama ule hauonekani kila mwaka. Nikabeba sahani yangu, nikaondoka mezani. Mwaka uliofuata timu za kulipwa zilipokuwa zikichagua wachezaji, nilikaa siku mbili kando ya simu. Wenzangu wawili waliitwa. Mimi sikuitwa. Nilirudi na digrii ya uhandisi, sasa niko kiwandani Pinetown, na magoti yananilalamikia kila ninapopanda ngazi.

Dido ana duka la kutengeneza simu. Ilinichukua miaka kumwambia aliyoyasema kocha. Nilimwambia asubuhi moja dukani, hakuna mteja. Alikuwa amefungua simu ya mtu. Akaweka bisibisi chini.

"Alisema angenisubiri?"

"Alisema hivyo."

Nje teksi zilikuwa zikipiga honi. Kisha akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Mi njo nilikuapisha, mimi mwenyewe," akasema. "Ungesema, ningekuchukia." Akaitazama ile simu iliyofunguliwa. "Lakini ungesema."

 Siku hizi kila Jumamosi Dido hunipitia, tukaenda pamoja kuwatazama watoto wakifanya mazoezi.

Watoto wa siku hizi, jamani! Mmoja anarusha mipira mitatu, kwenye wa nne anajipiga video, na video imefika Amerika kabla jasho halijakauka. Wana mashine ya kupima kasi, wana glavu zinazonukia upya wa dukani. Mmoja alituuliza sisi tulikuwa na wafuasi wangapi. Dido akamjibu, "Moja. Mama ya Salumu, na alikuwa na fimbo." Mtoto akilalamika kidogo tu kuhusu bega, mama yake anashuka garini na barafu, na kocha wao anamwambia apumzike mwezi mzima. Hapo mimi na Dido huwa hatutaniani.

Lakini mazoezi yakiisha, kila mmoja anaingia kwenye gari lake na simu yake, na uwanja unabaki mtupu jua likiwa bado juu. Sisi tulikuwa tukirudi Greyville kwa miguu, wawili, tukibishana njia nzima nani atakuwa maarufu zaidi, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kufika.