Kejeli za Bao la Kibarani

Kila alasiri nikifika barazani, kiti changu kiko tayari. Zamani nilikaa kwenye baraza yenyewe kama wenzangu, mgongo ukutani, na nikichoka nilisimama nikaenda zangu. Siku hizi nimewekewa kiti cha plastiki chenye mikono, kimeelekezwa kwenye bao, na siondoki mpaka mchezo uishe, kwa kuwa mimi ndiye ninayepiga video. "Msimamizi kafika, anzeni!" vijana hupaza sauti. Nikilalamika mgongo, wananiletea mto.

Wengi wao siwajui vizuri. Wengine hutoka Gede, wengine kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni wakipata likizo. Waliletwa hapa Kibarani na video moja niliyoitoa mimi. Video hiyo hiyo ndiyo iliyomwondoa mtu aliyestahili kukaa hapa kuliko sisi sote.

Tulikuwa tumebaki wachache. Baadhi ya wachezaji wamekufa, baadhi wamezuiwa na magoti. Basi mwenye duka, ambaye baraza ni yake, akatuambia kwa adabu kwamba kuna fundi wa simu anayetaka kuipangisha, na kwamba vizee wanne na bao moja hawamletei mteja. Mmoja wetu akasema chama siku hizi lazima kionekane mtandaoni. Wote wakanigeukia mimi. Nilimaliza kidato cha nne na nikafanya kazi ya ukarani, kwa hiyo hapa kwetu kila chenye maandishi ni changu. Nilikubali kwa sababu nilipenda walivyonitazama.

Nikafungua kundi la simu, mimi nikiwa msimamizi wake, nikafungua ukurasa, nikaweka picha za bao, za kete, za kahawa. Hakuna aliyejali isipokuwa binamu yangu, aliyeandika "Mashallah" chini ya kila picha, hata ile ya mguu wangu niliyoipiga kwa bahati mbaya.

Sahibu yangu alikuwa mshona kanzu, na katika bao hatukuwa na wa kumshinda. Alikuwa mjane, akiishi peke yake nyuma ya msikiti, na macho yake yalikuwa yakififia mwaka hadi mwaka. Alikuja barazani akiupapasa ukuta. Jambo hilo halikuwahi kutajwa. Bao letu tangu zamani lilikuwa na kejeli: ukila kete za mwenzako unamtangazia, naye anakujibu. Macho yake yalipopungua, kejeli zetu zikabadilika bila mtu kuitisha mkutano. Kila kejeli ikawa inaanza kwa kutaja shimo.

"Kichwani, kushoto kwako, nimekula tano. Kalale njaa!"

"Nimeshiba tangu jana," angejibu, vidole vyake vikipita polepole juu ya mashimo. "Njaa ni yako wewe, ulaye kwa watu."

"Nalala shimo la tatu, kulia kwangu. Nyumba yako naiona hiyo, paa lavuja!"

"Liache livuje. Kwani umelijenga wewe?"

Kichwa ni shimo la mwisho pembeni, kulala ni kumaliza zamu kwenye shimo tupu, na nyumba ni lile shimo kubwa ambamo mchezaji hulimbikiza kete zake. Mpita njia angedhani wazee wanagombana. Kumbe tulikuwa tunamsomea.

Siku hiyo nilikuwa nimeshika simu, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu alifungwa. Tena alifungwa mkononi, yaani angali ana kete ambazo hajaziingiza mchezoni. Hakuna aibu kubwa kuliko hiyo katika bao. Aliyemfunga, dereva mstaafu wa lori, alipiga kelele mpaka wanawake wakachungulia madirishani. Sahibu yangu alicheka mpaka akafuta machozi, akaagiza kahawa kwa wote.

Nyumbani nilikaa na ile video. Ilikuwa ndefu. Kutaja mashimo kulichelewesha mambo, nikakata. Ule ukimya wa vidole vikitafuta kete nikaukata. Majibu yake yalikuja taratibu, nayo nikayakata. Nikaangalia kilichobaki, nikaona kimechangamka. Kalale njaa! Paa lavuja! Toka na godoro lako! Na kicheko cha watu. Katikati yake mzee mwenye macho meupe, amekaa kimya. Sikuona nilichokifanya. Niliona kazi nzuri, nikaipeleka.

Siku chache tu ikawa kila mahali. Watu walicheka, wakauliza baraza iko wapi. Wengine wakaandika kwamba wazee wa pwani wamekosa haya, wanamchezea kipofu. Neno hilo halikuwahi kutamkwa barazani kwetu.

Wanachama wakaja. Mwenye duka akanunua mabenchi na bao jipya, akaleta friji ya soda, na habari ya fundi wa simu ikaisha. Kisha akaja binti ya sahibu yangu, aishiye Malindi. Baba yake alikuwa akimwambia kwenye simu kwamba macho hayajambo.

"Shikamooni," alisema. Tukaitika. Akanitazama mimi. "Ami, baba yangu amewakosea nini?"

Jibu nilikuwa nalo, tena jepesi. Lakini wageni walikuwa wamejaa wakisikiliza, na mimi ndiye msimamizi.

"Ni mchezo tu, mwanangu."

"Mchezo," alisema, akaondoka.

Alasiri ile yeye na baba yake walipita kwa tuktuk kwenda Malindi, masanduku miguuni. Sahibu yangu aligeuza uso kuelekea barazani, akangoja. Hakuna aliyemtupia hata neno moja. Sisi, wenye maneno yote yale.

Video niliifuta, lakini wengine walikwisha kuihifadhi, wakaitoa tena kwa majina yao. Nikasema najiuzulu. Mwenye duka akanijibu kwa upole, "Ukitoka wewe, mzee, haya yote yatatawanyika. Na mimi nitafanyaje?" Wenzangu wakanitazama kama siku ile ya kwanza, ila safari hii sikupenda. Nikakaa. Wanachama wapya nao wana kejeli, wamezijifunza kwenye video yangu. Wanapiga kelele kweli kweli. Hawataji shimo hata moja.

Asubuhi moja nikasema nakwenda hospitali, nikalifunga lile bao la zamani kwenye kikoi, nikaenda Malindi. Binti alifungua kufuli la mlango wa chuma, nikaingia, akalifunga tena. Sahibu yangu alikuwa kwenye kochi, kanzu safi, kucha zimekatwa.

"Nanoneshwa kama bata," aliniambia. "Sitoki. Hata msikitini nasindikizwa. Umeleta nini hicho kizito?"

Tukapanga kete. Binti alikuwa jikoni, mlango wazi, nami nikacheza kimya. Nilikula, nikazungusha, nikala tena. Sahibu yangu akaweka kiganja juu ya bao, akapapasa huku na huku, amepotea.

"Mbona kimya? Wataka kuniua?"

Niliutazama mlango wa jikoni. Kisha nikasema, "Shimo la pili, kushoto kwako, nimekula nne. Kalale njaa, kizee wewe!"

"Aa, umefufuka! Nilidhani nacheza na maiti."

Binti alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Aliangalia vidole vya baba yake vikienda moja kwa moja kwenye shimo nililolitaja.

"Kwenye video hawakutaja shimo," alisema.

"Walitaja. Nilikata mimi."

"Kwa nini?"

"Yalichelewesha."

Hakuniambia yamekwisha, wala sikustahili. Aliweka sinia, akaketi kando ya baba yake. Nikamwomba aniruhusu nimpeleke barazani hata Ijumaa moja, nimrudishe mwenyewe.

"La, ami. Huko sasa kila mtu ana simu yake juu."

"Yaacheni hayo," sahibu yangu akasema. "Zamu yangu. Kichwani, kulia kwako, nakula saba. Wewe na ukoo wako mtaoga mvua!"

Binti akainama juu ya bao. "Sita, baba."

"Hata sita zamtosha huyu."

Mfukoni simu yangu ilikuwa ikitikisika: msimamizi uko wapi, tumeshapanga kete. Bao nililiacha pale. Nilipotoka nilisikia kufuli likirudi mahali pake.

Kibarani kiti kilikuwa kinaningoja, na kingali kinaningoja kila siku. Ila sasa ninapopiga video, mchezaji akila, mimi nyuma ya simu hutaja kwa sauti: kichwani, kushoto kwake, tano. Vijana wananinung'unikia kwamba sauti yangu inaziharibu video zao na zimekuwa ndefu. Sikati kitu. Binti amenitumia ujumbe kwamba humwekea baba yake video hizo, sauti juu, naye hukaa na lile bao mapajani, akifuata kwa vidole, akiwatukana wachezaji wasiomsikia.