Agosti ya Karate na Agosti ya Makomando

Moshi wa jenereta ukichanganyika na jasho la watoto na harufu ya makuti yaliyolowa mvua: hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniambia, kuliko kalenda yoyote, kwamba likizo ya Agosti imefika Malindi. Chumba cha video kilikuwa nyuma ya soko, kuta za udongo, paa la makuti, na mwenyewe alikuwa mtu wa bara aliyewahi kufanya kazi katika hoteli za watalii. Alipoacha kazi aliingia mtaani na televisheni moja na deki moja, akaziba madirisha kwa magunia ili jua lisiharibu picha, akatandika mikeka na magogo ya minazi. Humo tulikaa goti kwa goti, mchana kweupe, tukitazama watu wakivunjwa shingo. Sina neno laini zaidi la kusema. Asubuhi nilikuwa chuoni nikihifadhi Kurani mbele ya maalimu wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, na baada ya adhuhuri nilikuwa gizani nikipiga makofi kila damu ilipotoka. Vitu hivyo viwili vilikaa ndani ya kifua kimoja, wala sikuona tatizo.

Ilikuwa miaka ya themanini, nami nilikuwa darasa la sita. Agosti ya kwanza yule mtu wa bara alileta filamu za karate tupu: wanaume wembamba wenye suruali pana, wakilipiza kisasi cha mwalimu wao aliyeuawa. Agosti iliyofuata akaleta makomando, majitu yenye vifua kama milango, bunduki begani, wakiteketeza vijiji kabla filamu haijafika nusu. Basi likazuka swali: likizo ipi ilikuwa bora? Leo swali hilo laonekana dogo. Kwetu lilikuwa zito kama mirathi. Tulikutana kwenye ngazi za ghala la pamba lililofungwa miaka mingi, watoto ishirini na zaidi, na shauri likasikilizwa kwa kanuni moja tu: ukidai, onyesha. Hukuruhusiwa kusema kwa mdomo kwamba teke la karate ni kali kuliko ngumi ya komando. Ulipaswa kumchagua mtu ukampiga mbele ya wote, naye alipaswa kuanguka. Kanuni hii ilikuwa na sababu yake. Wengi wetu walikatazwa na wazazi kuingia kwenye video, kwa hiyo filamu zile walizitazama kwenye miili yetu. Shujaa tulimwita stelingi, na waliobaki wote walikuwa maadui. Adui huanguka kwa pigo moja, stelingi hafi. Mambo hayo mawili hakuna aliyeyabishia.

Mabishano yale yalikuwa na damu nyingi kuliko wazazi wetu walivyojua. Midomo ilivimba, mashati yalipasuka, na kila jioni kila mmoja alirudi nyumbani na uongo wake kuhusu mpira. Namkumbuka mtoto mmoja aliyetapika kwa teke la tumbo, akafuta mdomo, akakaa chini na kukiri kwa utulivu kwamba kweli, karate ni kali. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha ulikuwa ukikusanyika.

Rafiki yangu mkubwa wakati huo alikuwa Kahindi, tuliyekaa naye dawati moja. Baba yake, Mzee Charo, alikuwa mkata mawe ya kujengea nyumba; walikuwa wametoka kijiji cha Kakuyuni na kuhamia mtaa wa Muyeye. Wao walikuwa Wakristo na sisi Waislamu, wala hilo halikututenga, kwani sikukuu zake nilikula kwao na zangu alikula kwetu. Kilichotutenga ni Agosti. Mimi nilikuwa kiongozi wa watu wa karate. Yeye, mwembamba kama ufito, aliwaongoza watu wa komando, na alikuwa na ulimi wa kumfanya hata adui yake acheke. Nilimpenda, na kwa mwezi ule mzima nilitamani kumwona chini.

Ijumaa ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, wenzetu waliamua shauri likatwe, kila upande utoe stelingi wake. Kosa letu lilikuwa hapo na hakuna aliyeliona. Siku zote zilizotangulia kulikuwa na stelingi na adui; siku hiyo kulikuwa na mastelingi wawili, na hakuna hata mmoja aliyekuja pale kuanguka. Fahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tuliwaingiza zizini kisha tukafunga mlango. Nilitoka kuswali Ijumaa nikiwa na kanzu, nikaipandisha na kuifunga kiunoni. Mkononi nilikuwa na nanchaku niliyoitengeneza mwenyewe: vipande viwili vya tendegu la kitanda kibovu, vimeunganishwa kwa kipande cha mnyororo wa baiskeli. Kahindi alikuwa na bunduki ya ubao wa mkorosho, nzito, aliyoichonga kwa shoka la baba yake.

Pigo langu la kwanza lilimpata begani. Nikamwambia anguka.

"Anguka wewe," akajibu. "Komando haangushwi na miguu ya kitanda."

Watoto walicheka, hata wa upande wangu. Kabla sijajibu alinipiga kitako cha bunduki mdomoni, na nikasikia jino likivunjika ndani ya kichwa changu, sauti kama ya mtu akitafuna changarawe. Damu ikadondoka kwenye kanzu ya Ijumaa. Hasira iliyonishika sijawahi kuijua tena tangu siku ile, na namshukuru Mungu kwa hilo. Nilimpiga mbavuni. Alijikunja, akashusha pumzi, kisha akanyooka tena taratibu, akiwa anatabasamu kwa ajili ya wale waliokuwa wakitazama. Nikamwambia tena aanguke, na safari hii nilikuwa namwomba. Hakuanguka. Pigo la tatu sikulilenga. Nilizungusha tu kwa nguvu zangu zote, na mwisho wa kile kijiti ukaingia kwenye jicho lake la kushoto. Hata hapo hakuanguka. Alisimama, kiganja usoni, na katikati ya vidole vyake yakatoka maji kwanza, kisha damu. Wenzetu walitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Mimi nilimshika mkono nikamfikisha mpaka penye nyumba yao, na nilipomwona mama yake akitoka mlangoni, nikakimbia.

Jicho halikuokoka. Daktari alipomwuliza yaliyompata, Kahindi alisema alikuwa akipanda mkorosho, akaanguka juu ya tawi kavu. Yule aliyekataa kuanguka mbele ya watoto ishirini alisema mbele ya daktari kwamba ameanguka. Nami niliuacha uongo wake unifunike kwa siku tisa. Mama alifua kanzu yangu akiamini nimevunja jino mpirani.

Siku ya kumi, chuoni, zamu yangu ya kusoma iliangukia Sura ya Al-Maida, kwenye aya inayotaja jicho kwa jicho na jino kwa jino. Maalimu alikuwa na desturi ya kutueleza maana kila tulipomaliza aya. Akasema kuwa majeraha yana kisasi, na anayesamehe, msamaha wake ni kafara ya dhambi zake. Nilijaribu kulipima jambo lile kitoto: yeye kanitoa jino, mimi nimemtoa jicho. Halikulingana kwa njia yoyote. Nilipofika nyumbani nilimwambia mama kila kitu.

Mama hakunipiga. Alivaa buibui lake, akaniambia niichukue ile nanchaku, tukaenda Muyeye kwa miguu. Mzee Charo alikuwa uani akinoa shoka lake la kukatia mawe. Nilimwamkia shikamoo baba, naye akaitikia marahaba. Mama akasema, "Ndugu yangu, mwanangu ana neno." Nikalisema lote. Mzee hakuacha kunoa mpaka nilipomaliza.

"Mti humpiga mtu mara moja," alisema. "Mwanangu ana alama tatu. Nilikuwa nangoja nione kama huo mti una miguu."

Akamwita Kahindi. Alitoka ndani amefungwa bandeji upande mmoja wa uso, amekonda, hana mzaha. Mzee alichukua ile nanchaku mkononi mwangu akampa mwanawe, akasema kwamba kanuni ni yetu wenyewe, basi na ampige. Mama aligeuza uso ukutani, lakini hakumwombea mtoto wake. Nilishusha mikono. Nilikuwa tayari kwa lolote, na kwa mara ya kwanza, baada ya Agosti ile kwisha, nilikuwa tayari kuanguka. Kahindi alizungusha na kupiga hewa. Akasogea, akazungusha tena, kijiti kikagonga mwimo wa mlango. Mara ya tatu kilipita shibiri moja mbele ya kifua changu, nami sikuwa nimesogea hata kidogo. Hakuwa akinihurumia; jicho moja lililobaki halikuweza kumpimia umbali. Niliuona uso wake, alikuwa akijaribu kwa nguvu zake zote, meno yameumana, machozi yakimtoka upande mmoja.

"Baba," akasema, "simpati."

Nimepigwa mara nyingi katika maisha yangu, na hakuna pigo lililoniumiza kama yale matatu yaliyonikosa. Mzee Charo aliichukua nanchaku akaitia motoni, chini ya sufuria ya maharagwe ya mkewe, akasimama akiitazama ikishika. Kisha akaniambia kuwa upande wa kushoto wa Kahindi ni wangu. Nimpitie kila asubuhi, nitembee naye mkono huo mpaka shuleni, asigongwe na baiskeli wala mkokoteni. Nikafanya hivyo mpaka tulipomaliza darasa la nane. Mwezi wa kwanza tulitembea kimya. Mwezi wa pili aliniambia natembea kama bata.

Leo pale penye chumba cha video pana duka la simu. Wajukuu zangu kila mmoja ana kioo chake mkononi, na damu iliyomo ni nyingi kuliko ile ya Agosti zetu zote mbili, ila wanaitazama peke yao, wameziba masikio, na hakuna anayewaambia wathibitishe kwa mwili wa rafiki. Wanabishana kwa vidole, na watu wasiowajua. Sijui kama hiyo ni heri zaidi. Walau macho yao ni mazima, nami nashukuru. Sitasema zama zetu zilikuwa bora, namjua aliyezilipia.

Kahindi anauza mawe na simiti Kakuyuni, na kila Idi huja kwangu. Mpaka leo anashikilia kwamba Agosti ya makomando ilikuwa bora, nami sibishani naye. Chai hupenda kuimimina mwenyewe. Huugusisha kwanza mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe, polepole, ndipo akamimina, na wajukuu zangu hudhani ni adabu ya watu wa kwao. Mimi hunyoosha mkono nikakishika kikombe kisisogee. Pengine chai humwagika ikaniunguza vidole, wala siutoi mkono.